Benchi la Shangazi

"Kwangu mimi, hata mama yangu mzazi atakaa benchi." Shangazi aliyasema hayo kwenye harusi ya binamu, kipaza sauti mkononi, na hakuna aliyemwomba ahutubie. Bibi, huyo mama mzazi mwenyewe, alikuwa meza ya mbele. Aliendelea kutafuna.

Shangazi alikuwa muuguzi wa zahanati yetu, enzi zile za mashine moja ya mvuke kwa wenye pumu na benchi moja refu, lililong'arishwa na makalio ya mtaa mzima. Nani aliwahi kufika, hakujali. Alipita mbele ya benchi akisikiliza. Mwenye kelele alisubiri, maana anayelalamika ana pumzi. Aliyenyamaza ndiye aliyepelekwa kwenye mashine. Waheshimiwa walichukia. Sisi watoto tulijifunza kuugua kimyakimya.

Msimu mmoja wa vumbi Bibi akaja, pumu imembana. Mashine ilikuwa na mtoto wa jirani. Bibi akakaa benchi, akaanza kumchambua binti yake mbele za watu, tangu alivyochelewa kutembea hadi mume aliyejichagulia. Shangazi akawa anatabasamu tu. Mtoto alipomaliza, akaingizwa mzee mmoja aliyekuwa kimya.

Kisha Bibi naye akanyamaza.

Sasa, kwetu sisi Bibi akinyamaza ujue amenuna, na anaweza kununa wiki nzima bila kuchoka. Shangazi, aliyeusikia ukimya wa kila mtu, huu wa mama yake aliuona ni mambo ya nyumbani. Akampita. Akampita tena. Fundi viatu aliyekaa pembeni ndiye aliyesema, taratibu: "Sista, huyu mama hajanuna."

Yule mzee aliivua barakoa ya mashine mwenyewe, akampa Bibi. Midomo ya Bibi ilichukua muda kurudi rangi yake. Alipopata sauti, alisema, "Umenipita."

"Nilidhani umeninunia, mama."

"Nilikuwa nimekununia pia."

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hadithi hiyo aliisimulia kila harusi. Kipaza sauti Shangazi hakukigusa tena. Lakini benchini alianza kumshika kila mtu mgongoni kusikia pumzi, hata aliyemjua tangu utotoni.

Siku hizi zahanati ina jengo jipya, na mashine ya foleni inakuita kwa namba. Walipohama waliuza vitu vya zamani uani. Shangazi, mstaafu, alinunua benchi. Liko barazani kwake, na ile ncha aliyokaa Bibi hakai mtu.

Alililipia shilingi elfu kumi na mbili.