Ijumaa Nilizokataa Kutoka

Honi ya pikapu ilisikika kwanza, mara mbili, fupifupi, kabla gari halijatokea kwenye kona. Tayari nilikuwa chini ya kitanda cha bibi, nimekumbatia mguu wa chuma wa kitanda hicho.

"Baba yako huyo," bibi alisema. "Punda ana haya kuliko wewe. Toka."

Wazazi wangu walikuwa wameachana, mimi na mama tukarudi Garissa kwa bibi. Kila Ijumaa baada ya swala baba alikuja kutoka Habaswein kunichukua nikakae naye siku mbili. Kila Ijumaa nilikataa. Majirani walisema mama amenijaza maneno.

Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa nimemsikia bibi akimwambia mama: eda ya talaka haijaisha, mumeo akitamka tu kwamba amekurejea, unarudi kwako bila ndoa mpya. Nikaona ni lazima baba aingie ndani. Nikikimbilia garini, atamtamkia nani? Basi nikakataa, naye ikambidi avue viatu, aingie, anibembeleze. Ijumaa ya kwanza mama alimletea chai ya maziwa ya ngamia. Ya pili alimuuliza kama mgongo bado unamsumbua. Kule chini nilikuwa nikiomba dua mpaka midomo ikakauka.

Hii ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya eda. Baba hakuvua viatu. Niliviona vimesimama kizingitini, vimejaa vumbi.

"Aabo," aliniita, yaani baba, kama kina baba wa kwetu wanavyomwita mtoto kwa neno lilelile analowaitia wao. "Ngamia amezaa. Ndama mweupe. Nimekungoja wewe umpe jina."

"Sitaki. Ingia wewe."

"Niingie mara ngapi?" Kisha akamgeukia mama, aliyekuwa nyuma ya pazia. "Umemfundisha vizuri."

"Nimfundishe nini? Begi lake hilo hapo, nimelifunga tangu alfajiri."

"Mtoto hamchukii baba yake bila mwalimu."

Nilitaka kusema simchukii. Lakini niliamini nikilitaja mimi lile neno la kurejea, litaharibika. Lilipaswa kutoka kwake. Nikaukumbatia mguu wa kitanda kwa nguvu zaidi. Leo watu wakisema mtoto fulani hamtaki mzazi wake, mimi hujiuliza anangoja nini.

"Hanitaki," baba alisema polepole. "Sitamsumbua tena."

Pazia lilisogea. "Kaa unywe chai kwanza," mama alisema.

"Mungu akuzidishie."

Viatu viligeuka. Aliuvuta mlango wa bati nyuma yake, taratibu, mpaka ukafungika.