Wimbo Nilioambiwa Ni Wangu

Juzi nilikuwa nikisubiri simu yangu itengenezwe mjini Machakos, kijana wa duka akaweka muziki. Kinanda kikapiga noti nne, kavu kama matone yanayoanguka ndani ya debe tupu, na ngoma ya mashine ikaitikia: tu, tu-tu. Basi. Hapakuwa na gitaa wala besi. Nilitoka nje nikasimama juani.

Wimbo ule niliujua kabla sijajua kusoma vizuri. Nilipougua surua, Anko Mutua, mdogo wake mama, alikuja kutoka Athi River, alikokuwa akishona suruali katika kiwanda cha nguo. Chumba kilinuka mwarobaini. Aliketi kando yangu, akaweka kinanda chake kidogo cha betri mapajani na kukibonyeza kwa kidole kimoja.

"Huu nimekutungia wewe, Mumbua," aliniambia. "Ukipona tutauimba."

Nilipona. Unajua mtoto anavyotembea akiwa na wimbo wake? Nilitembea hivyo. Anko akautia maneno ya Kikamba, akaifundisha kwaya ya watoto, mimi nikianzisha. Jumapili ya kwanza mzee mmoja wa kanisa aliinama akamuuliza kama betri zimeisha, maana noti zilikuwa chache mno. Lakini haukupita muda akina mama wakawa wanauimba wakipepeta maharagwe, nasi tukachaguliwa kwenda nao kwenye mashindano ya kwaya. Kila mtu aliuita wimbo wa Mumbua.

Wiki ya mashindano mama alinituma kwa Salim, aliyeuza marashi na kanda za muziki karibu na msikiti. Nilikuta wimbo wangu ukicheza dukani, sauti ya mwanamume ikiimba kwa Kiingereza, baridi, kana kwamba anasoma matangazo.

"Anko yangu ndiye ametunga hiyo," nilisema kwa fahari.

Salim alicheka mpaka akakohoa. "Anko yako ni Mzungu? Hawa ni wawili tu, binti, wa huko Ulaya. Kinanda moja na mashine ya ngoma. Bendi ilivunjika kitambo, hata hujazaliwa."

Akanionyesha jalada: vijana wawili waliokonda, nywele zimesimama, wakitazama pembeni.

Nilimngoja Anko hadi Jumamosi. Nilitaka aseme Salim ni mwongo. Ningemwamini papo hapo.

"Anko, ule wimbo uko kwa kanda ya Salim."

Mkono wake ulikwama juu ya kinanda. "Nani mwingine ameskia?"

"Ni mimi tu."

"Basi usiambie kwaya. Hata mama yako." Kisha akatabasamu. "Na hao Wazungu, kwani wanakujua? Huo bado ni wako."

Tuliimba, tukashinda. Watu walinibeba juu, nami nililia, wakadhani ni furaha.

Nimekua, nimezisikiliza kanda zote za wale wawili. Walijua kuacha noti zisizohitajika, jambo gumu kwa msanii. Leo vijana wanaotengeneza muziki vyumbani mwao kwa kompyuta wanafuata njia yao bila kuwajua, na Anko aliisikia njia hiyo mapema kuliko wengi. Wizi wake nilishamsamehe.

Ni lile swali lake la kwanza ambalo halijapoa. Siku ile niliposikia, "Nani mwingine ameskia?" nilidhani ananionea huruma, ananilinda nisichekwe. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa akihesabu mashahidi, na mimi nilikuwa mmojawao.