Ile Isiyokuwa na Tundu la Gesi

Mahfoudha alikuwa fundi wa vyombo vya maabara katika chuo kimoja cha Ibra, Omani, mwanamke wa miaka arubaini na saba, na mikono yake haikujua kukaa bure. Saa, pasi, mashine ya kushonea, hata kiyoyozi cha jirani, vyote vilipitia mezani kwake. Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote ni bastola ya gesi.

Si bastola ya kuua. Ni ya mchezo, ile inayorusha punje za plastiki ndogo kama choroko, ila imeundwa kwa chuma na ina uzito wake, hata ukiishika mkononi unaona umeshika kitu. Ndugu yake Sleyum alirudi nayo kutoka masomoni ughaibuni ikiwa imekufa: ukiitia gesi, yote inavuja. Alitaka kuitupa. Mahfoudha akaifungua, akakuta pete moja ya mpira imepasuka, akaibadilisha kwa pete aliyoipata kwenye makopo yake ya vipuri, na siku ile ile bastola ikapiga. Tangu hapo ikawa yake. Alijua kwamba gesi hutiwa ndani ya magazini, kile kisanduku kinachoingia kwenye mpini, nayo ikiwa imepinduliwa, na kwamba mafuta ya silikoni matone mawili yanatosha, maana mafuta mengine hula mpira. Alijua pia kwamba kuiacha ndani ya gari mwezi wa sita, kilele cha joto la huko, ni kuiua. Kibali hakuwa nacho, wala hakuwahi kuuliza kama kinatakiwa.

Mama yake, Bi Shukriya, hakuipenda hata kidogo. Yeye alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne akiwa na miaka kumi na mbili, na aliyoyaona njiani kabla ya kupanda chombo hakuwahi kuyasimulia yote.

"Mwanamke mzima, mke wa mtu, unacheza na bastola," akisema. "Sisi tumekimbia hivyo vyuma, wewe umekileta kimoja mpaka jikoni."

"Cha mchezo, mama."

"Kina sura ile ile."

Mahfoudha akicheka. Ijumaa baada ya sala, familia ikikusanyika shambani kwao nje ya mji, yeye akipanga makopo ya nyanya juu ya tuta na kuyaangusha moja moja, na watu wakipiga makofi. Sikukuu iliyopita Wadhah, mtoto wa dada yake aishie Nizwa, aliiomba akapiga makopo matatu, na hakutaka kuirudisha. Wadhah alikuwa na miaka ishirini na sita, kazi nzuri katika ofisi ya serikali, na mke wa ndoa ya miezi minane. Alikuwa na moyo mwema na kichwa kigumu. Tangu mdogo ukimwambia usipande mtende ule, yeye keshafika katikati.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano Wadhah alifika shambani na mkewe Hala, mtoto wa watu wa Sur. Yaqoub, mume wa Mahfoudha, alikuwa akipepea makaa ya mishkaki. Bi Shukriya alikaa kwenye mkeka chini ya kibanda.

"Shikamoo, bibi," alisema Wadhah, akainama kumbusu kichwani.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Wadhah alikuwa keshamgeukia Mahfoudha, khala yake, ndugu wa mama, macho yanameta, akisema Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiarabu. "Khala! Hata mimi nimepata yangu. Sawasawa na ya wewe. Lakini ya mimi gesi khalas, imekwisha. Nafyatua, inafanya tak, haitoki kitu. Nitengenezee."

Akachomoa kutoka kiunoni, chini ya kanzu, bastola nyeusi.

"Umeipata wapi?"

"Bahla, kwa ami yangu, Mungu amrehemu. Tulikuwa tunapanga vitu vyake, nikaikuta kwenye sanduku la chuma, imefungwa kitambaa. Nikasema, wallahi, hii ndiyo ile ya khala!" Akacheka. "Tulipotia petroli njiani, Bidbid, nilimlenga Hala, akapiga ukelele, watu wote wakageuka."

Hala alikuwa akimimina kahawa. Hakucheka.

Mahfoudha akaipokea. Jambo la kwanza afanyalo fundi wa bastola za gesi ni kuipindua na kutazama chini ya magazini, pale penye tundu la kutilia gesi. Akaipindua. Chini palikuwa chuma kitupu, hapana tundu. Akafikiri labda ni aina nyingine. Akabonyeza kitufe cha kutoa magazini. Kilikuwa kimeshikwa na kutu, hakikusogea. Akaitazama kwa ubavu, kwenye mdomo wa mtutu. Bastola yake, ndani ya ule mdomo mpana, ilikuwa na kijibomba chembamba cha shaba, punje ya choroko ipite kwa tabu. Hii haikuwa na kijibomba. Ilikuwa na tundu pana, lenye mifereji inayozunguka ndani kama ya parafujo.

Akakisogeza kidole chake mbali na kifyatulio.

Kabla hajafungua kinywa, Wadhah alinyoosha mkono akaichukua, akarudi nyuma hatua tatu. "Wacha nimwoneshe Yaqoub kwanza. Tazama, Hala anavyoogopa."

Akaiinua. Hala alikuwa amepiga magoti mkekani, sinia la vikombe mkononi, hatua nne kutoka kwake. Nyuma ya Hala alikaa Bi Shukriya.

"Basi, Wadhah," alisema Hala kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Kidole cha Wadhah kilikuwa ndani, juu ya kifyatulio.

Mahfoudha alitaka kupiga kelele. Lakini alimjua mtoto huyu. Akimwambia "ni ya kweli," Wadhah atacheka na kufyatua ili aoneshe kwamba si ya kweli. Akimrukia, kidole kitajikaza. Akaimeza ile kelele, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya mezani kwake, ya fundi anayekasirikia mteja mzembe.

"Wadhah, unaiharibu."

"Eh?"

"Unaifyatua kavu. Bila gesi nyundo inagonga vali, vali inapasuka. Na kipuri chake hakipatikani Omani nzima. Mara ngapi umeifyatua hivyo?"

Wadhah akasita. Mtutu ulikuwa bado pale pale. "Kidogo tu."

"Toa kidole. Polepole, usiikwaruze. Eeh. Sasa ielekeze chini, mchangani. Hivyo hivyo. Kama ina gesi iliyobaki nitaisikia ikivuja."

Mtutu ukashuka. Ukapita kwenye magoti ya Hala, ukapita kwenye ukingo wa mkeka, ukatua mchangani. Mahfoudha akatembea zile hatua tatu kama anayetembea juu ya mayai. Akakiweka kiganja chake juu ya mkono wa Wadhah, akaushika mkono wenyewe kabla ya kuishika bastola.

"Niachie. Nakwenda kukutilia gesi."

Akaachia.

Mahfoudha hakugeuka nyuma. Alikwenda mpaka nyuma ya tangi la maji, akailaza bastola kwenye mguu wa tuta la udongo, mdomo umeelekea ndani ya tuta, akarudi nyuma hatua kumi. Hapo akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za Ijumaa.

"Yaqoub!" aliita. "Njoo. Na simu yako."

Yaqoub akaja mbio na kipepeo cha makaa mkononi. "Kuna nini?"

"Waite polisi. Ile si ya gesi. Ni bastola khasa, na sijui ndani mna nini."

Wadhah alikuwa amefuata, akasikia. Akacheka, kicheko kikakatika, akacheka tena. "Khala unanitania. Mimi nimeifyatua! Ingekuwa ya kweli si ingelia? Ngoja nikuoneshe."

Akapiga hatua kuiendea. Yaqoub akamzuia kifuani. Wadhah akamsukuma, Yaqoub akayumba, na Mahfoudha akaanza kuinuka. Ndipo Bi Shukriya alipotokea kwa upande wa pili wa tangi. Miguu yake ilikuwa mibovu, na hakuna aliyejua amefikaje pale peke yake. Alisimama baina ya mjukuu wake na tuta.

"Kaa chini," alisema.

"Bibi, ondoka hapo..."

"Nimesema kaa chini, Wadhah. Mimi vyuma hivi navijua. Nilivijua kabla mama yako hajazaliwa. Ukikitaka hicho, nipite mimi kwanza."

Wadhah akamtazama. Kisha akakaa chini, taratibu, kama mwanasesere aliyekatwa kamba.

Polisi walichukua dakika arubaini. Mishkaki iliungua, harufu ikaenea shamba zima. Afisa aliyekuja alikuwa mtu mzima, mpole, amevaa glavu. Alipiga magoti kwenye tuta, akatia mafuta kwenye kutu, akangoja, akachomoa magazini, kisha akakivuta nyuma kile chuma cha juu. Baada ya kuvuta mara tatu, kitu kikaanguka kiganjani mwake. Akakileta, akawaonesha bila ya kuwakaribia sana.

Risasi. Kitakoni, katikati kabisa, palikuwa na kijishimo kirefu.

"Hapa ndipo pini ya kufyatulia inapogonga," alisema afisa kwa Kiarabu. "Imegongwa. Baruti imezeeka, au iliingia unyevu. Nyingine tano zimo kwenye magazini, na hizo siwezi kukudhaminieni. Nani aliyefyatua?"

"Mimi," alisema Wadhah. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Mara ngapi?"

"Sijui."

"Mara tatu," alisema Hala. Alikuwa bado ameshika sinia. "Mara moja nyumbani Nizwa. Mara mbili Bidbid, ndani ya gari. Zote alinilenga mimi."

Wadhah akaufunika uso wake kwa mikono yote miwili.

Afisa akauliza vipi mtu mzima alidhani kitu kile ni mchezo. Mahfoudha akaona swali lile linamngoja yeye. "Kwa sababu yangu," alisema. "Mimi ninayo inayofanana." Akaenda kwenye mkoba, akaitoa yake, akabonyeza vali mpaka gesi yote ikatoka ikilia, nyeupe kama moshi, kisha akamkabidhi afisa pamoja na mkebe wa gesi na chupa ya silikoni. Akatia saini karatasi.

Wadhah alichukuliwa siku ile, akahojiwa siku mbili, akaachiwa kwa dhamana ya baba yake. Hala hakurudi Nizwa. Alibaki Ibra kwa Bi Shukriya siku thelathini na sita, akilala chumba kimoja naye. Wadhah akija kila jioni baada ya kazi, njia nzima ile, akikaa barazani, na Hala hatoki. Wiki ya pili Hala alimtumia neno moja kwa mdomo wa Mahfoudha: kama anataka mke, aende Sur, amwambie baba yake Hala kwa kinywa chake alichokifanya, mara zote tatu, asipunguze.

Alikwenda. Mzee yule, mfanyabiashara wa samaki, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu: "Na wewe ulipokuwa ukimlenga, ulikuwa unacheka?" Wadhah alijibu ndiyo. Yeye mwenyewe alimsimulia Mahfoudha hayo, hakuyafunika.

Baada ya mwezi kituo kilimpigia Mahfoudha simu kwamba anaweza kuandika maombi ya kurudishiwa ile ya kwake. Alisema ahsante, hana haja nayo. Yaqoub alimuuliza kama hatoikumbuka. "Nitaikumbuka sana," alisema, naye hakusema uongo; kwa siku nyingi mikono yake ilikuwa ikienda kwenye droo yenyewe.

Hala alirudi kwa mumewe siku ya Jumamosi, mchana. Bi Shukriya alimfungashia halua, akamsomea dua. Wadhah alimfungulia mlango wa mbele wa gari. Hala akaupita, akafungua wa nyuma, akakaa, akavuta mkanda. Wadhah alisimama kidogo na mlango wazi mkononi. Kisha akaufunga taratibu, akazunguka upande wa usukani, na gari likatoka kwenda Nizwa kwa mwendo wa mtu aliyebeba vyungu.