Maharagi ya Leta

Juzi nilipita Bagira, kwenye uwanja wa depo ya Leta, ndiyo serikali, iliyoachwa tupu tangu vita. Mwanzo wa mvua, Leta iliahidi komine, ofisi ya mtaa, feza ya kujenga soko pale, na mutu wa komine akaja kusimika miti mirefu ya alama. Sasa alikuwa amerudi, na kila muti umejaa maharagi yenye maua.

"Maman, nani alikupa ruhusa?" akauliza, mikono kiunoni.

Mama mumoja mwenye kulima pale aliendelea kupalilia. "Papa, tuliona miti mirefu vile, tukasema Leta imetukumbuka."

"Ile ni alama ya soko!"

"Na feza ya soko iko wapi?"

Yule papa wa komine akatazama barabara ya mujini. "Iko njiani."

"Hata maharagi iko njiani. Yenye itatangulia kufika, tutaanza nayo."

Papa akacheka. Halafu akainama, akausimamisha muti uliolala, akauzungushia shina la maharagi polepole.

Tangu vita ianze sijaona mutu wa Leta akifanya kazi ile. Soko bado. Lakini mama amekwisha kuchagua mahali pa meza yake ya kuuzia: penye muti ule.