Nilivyoonja Parashiti ya Mzee Nassor

Haya, chekeni sasa hivi mmalize kabisa, ndipo nianze, kwa sababu najua habari zangu mmeshazisikia sokoni, na najua mmezisikia kwa kinywa cha Bosco, na Bosco akisimulia jambo hulitia chumvi mpaka haliliki. Eti nilipaa angani kama ndege? Si kweli, nilipaa kama kuku. Eti nilibaki uchi mbele za watu? Uongo mtupu, sketi yangu haikuachia hata uzi mmoja, na hilo nitalirudia mpaka mnichoke, maana ndiyo heshima pekee iliyonibakia siku ile. Aibu nyingine zote ni za kweli, nazikubali.

Mimi ni fundi wa kushona hapa Rumonge, mnanijua, Mama Nadine, kazi nilijifunza kambi ya wakimbizi Tanzania kwa cherehani ya mguu, na tuliporudi nyumbani niliileta juu ya lori nikiwa nimeizungushia godoro. (Mume wangu husema siku ile nilimsahau yeye nikaikumbuka cherehani. Si kweli, naye nilimkumbuka, baadaye kidogo.) Nashona sare za shule, mapazia, nguo za harusi. Ukuta wa pili yuko Bosco, naye fundi, asubuhi tunasalimiana amahoro na mchana tunaibiana wateja.

Sasa Mzee Nassor, yule mwenye viti vya ufukweni na samaki wa mukeke wa kuchoma, akanunua parashiti. Si ile ya wanajeshi ya kuruka kutoka kwenye ndege, ni ile inayovutwa na boti, mtu anafungwa mikanda, boti inakimbia, naye anapanda juu ya ziwa akiona Kongo bila pasipoti. Iliwahi kutumika kwingine, kwa hiyo ilifika imechoka, mikanda imechakaa na kitambaa kina mpasuko mrefu kuliko mimi. Mzee akatuita mimi na Bosco, akatuambia wote wawili tukisikia:

"Minataka mashini moja ya kiwanda, ya nguvu, ikae hapa Rumonge. Mama Nadine, wewe njo umeshona tangu Tanzania, nenda Bujumbura uchague. Parashiti ikiruka, mashini inabaki kwako. Isiporuka, inaenda kwa Bosco."

Bosco akatabasamu kwa upole, kama mtu aliyekuja msibani kuangalia urithi. Mimi niliitaka mashini ile, jamani, niliitaka mpaka usiku naota inanguruma. Mzee akanipa kipande cha kitambaa chenyewe cha parashiti, chepesi kama ganda la kitunguu, akasema, "Mashini yoyote, uijaribu na hii kwanza." Nikakikunja nikakitia mkobani. Mpaka hapo nilikuwa bado ni mtu mwenye akili.

Lakini ninyi mnajua, mtu wa huku haendi Bujumbura mikono mitupu. Shangazi yangu anakaa Buyenzi, na ukifika kwake bila ndagala, vile visamaki vyetu vya ziwani, atakuuliza kama ziwa limekauka. Gari liliposimama Gitaza nikanunua ndagala za kutosha, zikafungwa kwenye karatasi, na kabla hatujafika mbali karatasi ikapasuka. Nifanye nini? Nikatoa kile kipande, kitambaa chenyewe kigumu kuchanika, nikazifungia ndagala humo, fundo zuri, nikajisifu kwa ubunifu wangu.

Dukani, kabla sijafika kwa shangazi, nikapokewa na kijana mwenye shati jeupe, ananukia marashi, ananiita madamu, ananipa kiti, ananipa fanta baridi. (Mimi huniita madamu nani? Hata wanaonidai huniita Mama Nadine.) Akanionyesha mashini mbili. Moja nyembamba, sindano yake kama unywele, nikaiona kama mgonjwa. Nyingine, ee Mungu wangu, ina mkono mnene kama paja, na mguu wake unatembea wenyewe juu ya kitambaa ukikikanyaga na kukivuta. Kijana akauliza, "Madamu, uko na kipande cha kujaribia?"

Nikaingiza mkono mkobani, nikakigusa, kimelowa kidogo, na hapo hapo harufu ikapanda. Nikaliangalia lile shati jeupe. Nikaiangalia fanta. Nikautoa mkono mtupu nikasema, "Nimekisahau." Basi, mkasa wote ni hapo, kwenye neno hilo moja.

Kijana akajaribu na vyake, jinzi iliyokunjwa mara kadhaa, halafu soli ya kiatu cha ngozi, na ile mashini nene ikapita bila kujikwaa. Akauliza itashona nini. Nikajibu kwa sauti ya mtu mkubwa, "Vitu vya nguvu." Akanifungia ile nene, nikalipa kwa pesa za Mzee.

Nyumbani nikaanza na mikanda, na sitajificha, ilitoka safi, hata Bosco alichungulia akarudi kwake haraka. Shida ilikuja kwenye kitambaa. Sindano ilikuwa kama msumari, kila ikishuka inaacha tundu, na nilipokiinua kitambaa dirishani niliona mstari mzima wa matundu, mwanga unapita. Moyo ukaniambia, mama, hii si mashini ya kitambaa hiki, mikanda ina mashini yake na kitambaa kina yake. Nikauambia moyo unyamaze, kwa sababu kurudi kwa Mzee kusema nilichagua vibaya ni kuibeba mashini mwenyewe mpaka kwa Bosco. Nikaongeza mstari wa pili kwa usalama. Halafu nikaongeza wa tatu, kwa usalama wa ule wa pili.

Jumapili, watu wametoka misa, ufukwe umejaa. Mimi nimekaa na sahani yangu ya mukeke nikingoja kumwona kijana mmoja shupavu akiruka. Mzee Nassor akasimama, akakohoa.

"Huku kwetu, mutu akikuletea kinywaji anaonja yeye wa kwanza, ujue hakuna sumu. Ama ni vipi?"

"Njo vile!" watu wakajibu.

"Basi hii parashiti imeshonwa na Mama Nadine. Mama Nadine ataonja."

Vigelegele! Nikaiweka sahani chini. Bosco naye, kwa ule upole wake, "Mama Nadine, ama uko na wasiwasi na kazi yako?" Sasa ningesema nini? Desturi ni desturi, na anayekataa kuonja pombe yake amejihukumu. Nikavaa suruali ya mume wangu chini ya sketi, nikavalishwa mikanda na jile, lile koti la kuelea majini, nikasukumiwa mchangani. Kwa hofu ya mikanda kuteleza, nikatoa mkobani uzi mnene wa mikanda na sindano ya mkono, nikazishonea ncha za mikanda juu ya vifungo, kifuani na mapajani, pale pale mwilini mwangu. Jirani kabisa, mama mmoja, Mama Goreti, alikuwa ametandaza ndagala zake juu ya nyavu, zinakauka, mchanga wote unang'aa. Akapaza sauti, "Mwavuli wenu ukifika kwa ndagala zangu, tutaonana!"

Dédé, dereva wa boti, akawasha injini. Kamba ikakazika, upepo wa ziwa ukaingia kitambaani, na miguu yangu ikaacha ardhi. Kwa kitambo kidogo, nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilimwona Bosco kutoka juu, utosi wake una upara, na nikawaza, mashini ni yangu.

Kisha nikasikia trrrrr, kama mtu anayefungua zipu. Kitambaa kilikuwa kinaachana kwenye mistari yangu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, sawasawa kabisa, kama karatasi ya daftari inavyong'oka. Upepo ukanisukuma pembeni, nikashuka kwa makalio, na niliposhukia ni katikati ya ndagala za Mama Goreti.

Hapo mngesema yameisha. Dédé alikuwa anaangalia mbele, injini inanguruma, akasikia watu wanapiga kelele akadhani ni shangwe, naye akaongeza mwendo! Nikavutwa nimekaa kitako, kutoka mwanzo wa ndagala mpaka mwisho wa ndagala, nyavu zinanifuata, mpaka majini. Niliita jina la Yesu na la mama yangu mzazi. Dédé alikuja kugeuka nimeshaelea, nimevaa nyavu kama shela ya bibi harusi.

Wakanitoa, wakaniketisha mchangani. "Mufungue mikanda," mtu akasema. Mikanda ikakataa. Wakavuta, wakageuza, wapi. Kijana mmoja akaleta panga, na Mzee Nassor akaruka kuliko nilivyoruka mimi: "Musikate! Mikanda ni mizima!" Bosco akainama, akaukagua mshono taratibu, akatamka mbele ya watu wote, "Hii mikanda ni kazi nzuri kabisa." Heri angenitukana.

Ndipo Mama Goreti alipokuja na kisu chake cha samaki. Nikafumba macho. Lakini alipiga magoti, akaanza kunifumua uzi mmoja mmoja kwa ncha ya kisu, huku ananisema, na watu wamezunguka, na mimi ndagala zimo mpaka kwenye nywele.

"Mutu anashona mikanda kama anafunga mwizi, kitambaa anakifanya chujio. Dukani haukujaribu na hiki kitambaa?"

"Sikujaribu."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikamwambia yote, ndagala, fundo, shati jeupe. Kisu kikasimama. Akaitazama mikono yake, ile mikono inayonuka ndagala tangu alipokuwa msichana, kisha akanitazama mimi.

"Harufu hii imesomesha watoto wangu," akasema. "Wewe ilikufanya nini?"

Nililia, na si kwa makalio, ingawa nayo yaliuma. Akamaliza kunifumua, akafuta kisu, akasema, "Kesho asubuhi unakuja, tunazichambua mchanga, zote." Nikaenda, na nikarudi tena mpaka zikaisha.

Mashini ikapita mlangoni kwangu juu ya mkokoteni ikielekea kwa Bosco. Nilijifanya natafuta kifungo chini ya meza. Baadaye Mzee Nassor akakubali kwamba kitambaa kinahitaji mashini yake ya sindano nyembamba, na safari hii akamtuma Bosco kuchagua. Bosco akaja kuniomba kile kipande cha kujaribia. Nikampa. Sikukifua, kwa makusudi. Aliporudi na ile mashini niliyoiita mgonjwa aliniambia kijana wa shati jeupe alifungua madirisha yote, lakini alikishona.

Parashiti sasa inaruka, nendeni mkaone. Mimi hapana, siku hizi hata kwenye kigoda sipandi, taa ikiungua mume wangu anabadilisha. Cherehani yangu ya mguu ipo, ile iliyoshona sketi ambayo haikuachia hata uzi mmoja. Na nikiingia duka lolote Bujumbura, ndagala naziweka mezani kwanza, ndipo nasema bonjour.