Kundi la Wasiokunywa

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuonekana Bariadi na mizani zao, pombe kali ya chupa ilifuata nyuma yao. Ilifika hadi kwenye maduka ya vijijini, ambako zamani tulinunua chumvi na mafuta ya taa tu. Wazazi waliogopa. Kwa hiyo daktari mmoja mtafiti alipopata ufadhili wa kuchunguza kama pombe ya ujanani huacha alama ya kudumu kwenye ubongo, hakuna aliyeshangaa. Mimi nilikuwa muuguzi wa zahanati. Akaniomba niwe msaidizi wake.

Nieleze kazi yenyewe, maana si ngumu. Ubongo wa kijana wa miaka kumi na tano bado unajengwa. Ukuta mbichi ukinyeshewa unaweza kusimama vizuri tu, ufa ukajitokeza baadaye. Ili kujua kama ufa upo, unahitaji vijana wa makundi mawili, wanaokunywa na wasiokunywa. Nilikuwa nawasomea orodha ya maneno: jembe, ndama, mwezi, kibuyu. Baada ya nusu saa wananitajia wanayoyakumbuka. Kisha unawafuatilia wote mpaka wawe watu wazima. Sisi tulikuwa na fedha za mwaka mmoja. Fedha za miaka ya kufuatilia zilimtegemea mgeni wa wafadhili, ambaye angefika Ijumaa. Bila hizo, kazi yote ingekuwa sawa na kupanda na kuhama kabla ya palizi.

Jumanne nilipanda baiskeli kwenda kijiji kimoja njia ya Lagangabilili. Daktari alitaka mgeni akutane na binti mmoja wa kundi la wasiokunywa, aliyekuwa na kumbukumbu nzuri kuliko wote. Nikamkuta shambani. Majirani walikuwa wamekuja kumlimia bibi yake pamba, wazee kwa vijana, na bibi anazungusha kata ya pombe ya mtama. Ilipomfikia binti, akainywa yote, akafuta mdomo, akashika jembe.

“Wewe!” nikasema. “Si uliniambia hunywi?”

“Dada, uliniuliza kama ninakwenda kilabuni au ninanunua dukani. Kilabuni nikafuate nini mimi? Kuna walevi kule.”

Watu wakacheka.

“Na hii je?”

“Hii ya kulimia.”

Bibi akanisalimu kwa Kisukuma, akininyooshea kata. “Mwangaluka, mayu. Kunywa, jembe haliendi kwa maji matupu. Wewe mwenyewe umekulia kwenye hii. Au ndiyo iliyokusahaulisha kuuliza?”

Wakacheka tena. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile la kilabu na duka nililiandika mimi. Daktari alikuwa ameniachia maswali niyaandike kwa namna ambayo wenyeji wangeelewa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi nilipopewa kata ya kwanza, kwenye shamba la mjomba wangu, na sikuwahi kuihesabu.

Jioni nikamweleza daktari. Alikunja na kukunjua pembe ya faili.

“Ni huyo mmoja tu?”

“Sijui, daktari. Hilo ndilo linalonitisha.”

“Unajua mgeni anakuja Ijumaa?”

“Najua.”

“Tukisema, tunaweza kukosa yote.” Kisha, kwa sauti ya chini, “Nenda ukaulize upya.”

Siku mbili nilizunguka nyumba kwa nyumba. Sikutaja kilabu wala duka. Niliuliza walilima kwa nani na walipewa nini. Karibu kila jibu liliniondolea kijana mmoja kwenye kundi la wasiokunywa. Alhamisi jioni, vidole vya mkono mmoja vilitosha kuwahesabu waliobaki.

Mgeni alikuwa mama wa makamo kutoka ofisi yao ya Dar es Salaam, miwani imening'inia kifuani. Kabla hajamaliza soda, daktari alimwambia kuna jambo, akanigeukia mimi. Nikaeleza bila kuruka kitu.

“Swali hili aliandika nani?” akauliza.

“Mimi.”

“Na wewe ni mwenyeji?”

“Nimezaliwa hapa.”

“Basi ulijua.”

“Nilijua, mama. Ila sote tulikuwa tunaangalia chupa.”

Akavaa miwani, akasoma fomu yangu polepole, ukurasa kwa ukurasa. Daktari hakunitazama. Nilijilazimisha nisiongeze neno la kujitetea. Mwisho akafunga faili. “Siwezi kuwaombea fedha za kufuatilia kundi ambalo halipo,” akasema. Akaondoka bila kuonana na yule binti.

Barua ya wafadhili ilikuja baada ya miezi kadhaa. Fedha za miaka ya kufuatilia zilikataliwa. Chini kulikuwa na aya moja fupi: kilichosalia cha mwaka wa kwanza kisirudishwe, kitumike kutengeneza maswali upya, na wakishayaona wataamua kama tuombe tena.

Daktari aliisoma mara mbili. Nilidhani angenirudisha zahanati, na nilikuwa nimeshaanza kufungasha fomu. Akavuta karatasi tupu, akaisukuma upande wangu na kalamu juu yake.

“Anza na la kwanza,” akasema.

Nikaandika: Mara ya mwisho ulipokwenda kulima shamba la jirani, mlipewa nini?