Siku Mlima wa Titiwangsa Ulipotembea

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya safari pale Hamriya, Maskati, mwanzoni mwa miaka ya tisini, meneja alinikabidhi kitabu cha tiketi za kuandikwa kwa mkono. "Bi Salma, ukikosea herufi moja ya jina, abiria analala uwanja wa ndege." Nikaogopa herufi. Milima sikuiogopa, nimeishi chini yake.

Baadaye nikawa kiongozi wa msafara, yaani yule anayefuatana na wateja mpaka warudi kwao. Familia zetu zilipenda Titiwangsa, safu iliyo uti wa mgongo wa Malaysia: baridi ya asubuhi, mashamba ya chai yaliyopangwa kama nywele zilizosukwa, chakula cha halali, na mvua. Msishangae, wanangu. Mtu wa Maskati huifuata mvua kwa ndege.

Alasiri moja tulitandika mikeka kando ya kijito, mvua ikashuka. Kwetu Oman, wadi, lile bonde kavu, hufurika ghafla likachukua watu. Mtu hukimbilia juu. Nikawapandisha wateja wote kumi na mmoja mtelemkoni, kwenye kibanda cha wachuma chai.

Itam, mwongozaji wetu, mwenyeji wa misitu ya huko, akaja mbio akinipigia kelele kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" akauliza Bi Zuwena, mteja wetu mkubwa kwa umri, akimenya chungwa.

"Anasema tuondoke. Mlima unatembea."

"Mlima? Wa huku hauna adabu? Mie nna miaka sabini, sijaona jabali likahama."

Wakacheka. Nami nikacheka. Itam hakucheka: alimbeba Bi Zuwena mgongoni, akaelekea kwenye miti mikubwa, ambayo mizizi yake hushika udongo. Tukamfuata kwa aibu ya kumwacha bibi peke yake.

Hatujamaliza kuhesabiana, mtelemko ukashuka. Haukuanguka kama mawe ya kwetu Oman. Ulimiminika kama uji, michai ikiwa bado imesimama wima juu yake, ukapita na kibanda.

Bi Zuwena, chungwa mkononi, akanitazama. "Salma, wewe ndiye uliyetuweka pale?"

"Ndiye mie, Bi."

Akageuka, akampa Itam chungwa lake.

Niliporudi ofisini, meneja akauliza, "Mlima ule, ulijua nini juu yake?"

"Baridi yake na hoteli zake."

"Basi hukuujua."

Nimestaafu, nipo Wattaya. Nyinyi mnaoanza kazi hii mtanishinda kwa mbali, mradi kila mwendapo mumuulize mwenyeji kwanza: mvua ikinyesha, wewe hukimbilia wapi?

Ikinyesha Maskati, majirani hutoka nje kushangilia. Mie husimama dirishani nikayatazama majabali ya nyuma ya nyumba. Ni mawe matupu, najua. Siondoki mpaka mvua ikatike.